Nyumba Kumi na Tisa

Mwaka 1980 shirika la BRAC la Bangladesh lilianza kuwatuma wanawake vijijini kufundisha jambo moja tu: namna ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari guru. Chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, maji karibu nusu lita. Mwalimu aliingia nyumba moja baada ya nyingine, akaketi na mama, akamwonyesha, kisha akamwachia mama atengeneze mwenyewe. Mpaka hapo hakuna geni. Geni lilikuja wiki kadhaa baadaye, mwalimu akiwa keshahamia kijiji kingine. Alifika mtu wa pili na orodha ya akina mama wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Alibisha hodi, akamwomba kila mama aeleze aliyoyashika, kisha atengeneze yale maji palepale. Sampuli zilipelekwa maabara zikapimwe chumvi. Mama alipewa daraja, kuanzia A hadi D, na malipo ya mwalimu yakakokotolewa kutokana na madaraja hayo. Mama wa daraja A alimletea mwalimu wake fedha nyingi zaidi. Wa D hakumletea kitu.

Nimesoma ripoti nyingi za miradi ya afya, na mara nyingi kwenye kurasa za matokeo hukutana na hesabu za upande wa mtoaji: semina zilizofanyika, vipeperushi vilivyochapwa, wahudumu waliopewa baiskeli, sahihi kwenye karatasi ya posho. BRAC walikwenda kupima upande wa mpokeaji. Wala hawakuridhika na maneno yake. Chumvi ikizidi kwenye maji yale inaweza kumdhuru mtoto ambaye tayari amekauka. Ikipungua mno, dawa inabaki kuwa maji matamu tu. Mama anaweza kukariri somo zima mbele ya mgeni kwa sababu ya heshima, lakini chumvi iliyomo kwenye kichupa haimstahi mtu.

Linalonivutia zaidi ni lililofuata. Akina mama walikumbuka, mikono yao ilikuwa sahihi, madaraja yalipendeza. Ila watathmini walipouliza swali jingine, yaani mtoto alipoharisha mara ya mwisho alipewa nini, ikaonekana waliotumia yale maji ni wachache mno. Shirika lingeweza kunyamaza na madaraja yake. Badala yake liliwarudia walimu na kuwauliza wao wenyewe hutumia nini wakiharisha, na wengi wakasema dawa za dukani. Mwanamke wa kijijini ana jicho la kumtambua mtu anayefundisha asichokiamini. Ikagundulika pia kwamba waume, wenye kauli juu ya fedha na matibabu, walikuwa wamepitwa kabisa na somo. Mafunzo yakafumuliwa na kushonwa upya: walimu wakaelezwa kwa kina kwa nini maji yale yanafanya kazi, na wanaume wakatumwa kuzungumza na wanaume wenzao misikitini na sokoni. Hadi mwaka 1990 kazi hiyo ilikuwa imefika katika kaya zaidi ya milioni 12. Mushtaque Chowdhury na Richard Cash walioisimulia kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1996 hawakuyaficha yale matokeo mabaya ya katikati, na nadhani ndiyo maana kitabu chenyewe kinasomeka.

Angalia jinsi maswali yalivyopanda. Alifundishwa? Anakumbuka? Anaweza? Anafanya? Kila moja likipata jibu zuri hufungua jingine lililo gumu zaidi, na miradi mingi ya afya huishia kwenye lile la kwanza. BRAC, iliyozaliwa mwaka 1972, ilikwisha kuwa na idara yake ya utafiti na tathmini mwaka 1975, kabla haijawa shirika kubwa linalojulikana leo, hata hapa kwetu Afrika Mashariki, ambako lilifika Tanzania na Uganda mwaka 2006. Waliojenga idara hiyo walielewa mapema kwamba kazi ya kuuliza ina fundi wake, na fundi huyo hapatikani kwa kuokotwa siku mradi unapokaribia kufungwa.

Kwetu neno tathmini lina sura mbaya kidogo. Likitajwa, watu huona gari jeupe limeegeshwa chini ya mwembe, vijana wenye vishikwambi, maswali yasiyokwisha, soda, na ripoti ambayo kijiji hakitaiona. Sura hiyo haikubuniwa, ipo. Lakini wapo pia wanaoifanya kazi hii kwa mkono mwema, na ufundi wao unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu sehemu kubwa yake haionekani. Kazi ikifanywa vizuri hubaki namba moja tu kwenye jedwali, na namba haionyeshi jasho.

Tuanze na nyumba 19.

Mnunuzi wa mpunga hafungui gunia lote. Huchoma bambo ubavuni, akatoa punje chache kiganjani, akazitazama, akazinusa, akaamua. Wataalamu Harold Dodge na Harry Romig wa maabara za simu za Bell, Marekani, walilifanyia jambo hilo hesabu miaka ya 1920. Kiwanda kilitoa vipuri kwa shehena kubwa kubwa, na kukagua kila kipuri kungekula faida yote. Wakatafuta idadi ndogo kabisa ya vipuri ambayo mkaguzi akiiona anaweza kuikubali au kuikataa shehena nzima, huku akijua uwezekano wake wa kukosea ni kiasi gani. Zaidi ya nusu karne baadaye watu wa afya ya jamii, Joseph Valadez akiwa miongoni mwao, waliichukua hesabu ile ya kiwandani wakaipeleka vijijini. Shehena ikawa eneo la msimamizi mmoja, labda kata moja au vitongoji kadhaa. Vipuri vikawa kaya.

Utaratibu wenyewe unaweza kuandikwa nyuma ya daftari. Tuseme lengo ni kwamba watoto 80 kati ya kila 100 wawe wamekamilisha chanjo. Msimamizi anachagua kaya 19 zenye mtoto wa umri unaotakiwa, anauliza, anahesabu. Wakipatikana 13 au zaidi, eneo limefikia lengo. Wakiwa 12 au pungufu, halijafikia. Eneo lililofikia kweli asilimia 80 litapita mtihani huu mara 93 hivi kati ya 100. Eneo ambalo ni nusu tu ya watoto wake waliochanjwa litapenya kwa bahati mara 8 hivi kati ya 100. Ukipunguza kaya chini ya 19, makosa huongezeka haraka. Ukizidisha, unachokipata hakilingani na miguu utakayochosha. Ndiyo asili ya hiyo namba, ambayo mwanzoni huonekana kama imeokotwa njiani.

Kinachonifanya niupende utaratibu huu ni kwamba unaweza kufanywa na msimamizi mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, na jioni ileile akajua eneo lipi lina shida. Wilaya nyingi za Uganda zimeutumia kwa miaka. Hauhitaji mtaalamu kutoka nje wala miezi sita ya kusubiri. Unahitaji nidhamu, na nidhamu yake ngumu zaidi ni kutosema kisichosemwa na sampuli. Mtu akipata 14 kati ya 19 kidole humwasha kuandika asilimia 74. Fundi hataandika. Kaya 19 zinajibu ndiyo au hapana, zimefika au hazijafika, basi. Anayetaka asilimia aunganishe maeneo matano apate kaya 95, hapo anaweza kuanza kuzungumza kwa asilimia, tena akitaja na kiasi anachoweza kuwa amekosea. Nimeona mawasilisho yenye asilimia za desimali mbili zilizotolewa kwa watu wachache kuliko abiria wa daladala moja. Desimali ni nguo nzuri, hufunika mengi.

Sasa, kaya zipi hizo 19? Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla haijaanza.

Mgeni akifika, mwenyekiti wa kitongoji humpokea kwa ukarimu, na kwa ukarimu uleule humwongoza kwenye nyumba za watu wanaojieleza vizuri, wenye choo kilichoezekwa, karibu na barabara. Hana nia mbaya. Nani humpeleka mgeni kwenye nyumba yenye aibu? Mtathmini mzuri hushukuru, hunywa maji aliyopewa, kisha huomba daftari la kaya. Hupanga majina, huchota namba, na namba ikisema kaya ya 41, ni kaya ya 41, hata kama iko ng'ambo ya mto na mwenyekiti anasema kule hakuna watu wa maana. Pale pasipo na orodha, huketi na wazee wakachora ramani ya kitongoji chini kwa kijiti, wakaigawa vipande, wakachota kipande.

Kwa miaka mingi mpango wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani ulitumia njia nyepesi zaidi. Vijiji au mitaa 30, watoto saba kila kimoja, jumla 210. Mhojaji alisimama katikati ya kijiji, akazungusha chupa chini, akafuata upande ulioelekea shingo ya chupa, akahesabu nyumba mpaka mwisho wa kijiji, akachota moja; kutoka hapo akawa anakwenda kwenye mlango ulio karibu zaidi hadi watoto saba watimie. Kuna uzuri katika njia ile. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wasio na ramani, wasio na kompyuta, wenye siku chache na gari moja, na ilizipa nchi maskini takwimu ambazo zisingekuwepo. Lakini chupa ina upendeleo wake. Nyumba za katikati huangukiwa mara nyingi kuliko za pembeni, na mhojaji aliyechoka saa nane mchana anaweza kuiona chupa imeelekea upande wenye kivuli. Mwongozo mpya wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 2018 unataka kaya zichaguliwe kwa namna ambayo kila moja ina nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Ni kazi zaidi. Ni sahihi zaidi pia.

Halafu kuna nyumba iliyofungwa. Umefika, kufuli mlangoni, jirani anakwambia mama Fulani yuko shamba mpaka magharibi. Nyumba ya pili mlango wazi, mama anakutazama, mtoto mgongoni. Ungefanya nini? Kanuni inasema rudi jioni, na jioni asipokuwepo rudi kesho. Wahojaji wapya huiona kanuni hii kama ukaidi wa ofisini. Hawajafikiri bado mwenye kufuli ni nani: ni kibarua, ni mama anayelea peke yake, ni yule asiyekuwepo hata siku mhudumu wa afya alipopita na siku gari la chanjo lilipokuja. Ukimbadilisha kwa jirani aliyeko nyumbani, umewaondoa kwenye hesabu walewale ambao huduma iliwakosa, na huduma itaonekana safi.

Mlango ukifunguka, linabaki swali. Sidhani kama kuna sehemu ya kazi hii yenye uhunzi wa siri kuliko utungaji wa swali.

"Hodi hapa."

"Karibu, pita. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Samahani kwa usumbufu. Usiku wa kuamkia leo, nani na nani walilala ndani ya chandarua?"

Mhojaji hakuuliza, "Huwa mnatumia chandarua?" Kwa swali hilo jibu linajulikana kabla halijatoka mdomoni, nani atasema hatumii? Usiku wa kuamkia leo ni usiku mmoja, wenye watu wake na sababu zake. Mama hukumbuka: mimi na mdogo huyu tulilala ndani, wakubwa wawili walilala sebuleni, joto lilikuwa kali, baba yao hakulala hapa. Katika sentensi hiyo moja mna taarifa nyingi kuliko kurasa tatu za maoni. Kisha mtathmini huomba, kwa adabu, kuona mahali panapolalwa. Chandarua kinaweza kuwa kimetundikwa, kinaweza kuwa bado kiko kwenye mfuko wake na mikunjo yake ya kiwandani, na kinaweza kuwa kimezungushiwa bustani ya mchicha. Yote huandikwa. Uso wa mwandishi haubadiliki.

Maswali mengine hufuata busara hiyohiyo. Mtoto mchanga: tangu jana muda kama huu hadi sasa, amekula au kunywa nini? Kuharisha na homa huulizwa kwa wiki mbili zilizopita, si mwezi, kwa kuwa ugonjwa uliokwisha kwa amani husahaulika upesi. Choo huulizwa kwa macho zaidi: kijia kinachoelekea chooni kimekanyagwa au kimeota majani? Kuna maji karibu, kuna sabuni, au kipande cha sabuni kimetoka kabatini sasa hivi, kikavu kama jiwe? Tarehe ya kuzaliwa ikikosekana hupatikana kwa kalenda ya mahali penyewe. Alizaliwa kabla ya Ramadhani au baada? Mahindi yalikuwa yamebeba? Mvua zilikuwa za vuli au za masika? Uchaguzi ulikuwa umepita? Kwa maswali manne mhojaji anaweza kumweka mtoto ndani ya mwezi wake wa kuzaliwa, na kwa mtoto mdogo mwezi mmoja unaweza kubadili hukumu yote.

Kanuni iliyo chini ya yote haya ni kumpunguzia mtu gharama ya kusema kweli. Swali la hukumu huleta jibu la kujitetea. Anayejua kazi hutanguliza yale yanayoweza kumstiri mwenye nyumba: wengine hapa wanasema kliniki ni mbali, wengine wanasema siku hiyo walikuwa na shughuli, kwako ilikuwaje? Mama akishaona kwamba kukosa chanjo si kesi, huileta kadi.

Kadi ya kliniki nayo ina kusomwa kwake. Asiyejua huhesabu alama za tiki. Ajuaye hutazama tarehe. Chanjo ya pentavalenti huanza wiki ya 6, kisha ya 10, kisha ya 14. Dozi iliyotolewa kabla ya wakati au bila kupisha wiki nne kutoka ile iliyotangulia haihesabiwi, hata kama tiki yake ni nene. Hutazama wino. Dozi tatu za miezi mitatu tofauti zikiwa na mwandiko mmoja, kalamu moja na shinikizo moja la mkono, pengine kadi ilipotea ikajazwa upya kutoka kwenye rejesta, jambo la halali, na pengine si hivyo. Huulizwa. Kovu la chanjo ya BCG mkononi husaidia kuthibitisha lililoandikwa. Pale kadi isipokuwepo, neno la mama huandikwa kama neno la mama, katika safu yake, halichanganywi na kadi. Safu hizo mbili kukaa mbalimbali ni jambo dogo kwenye dodoso. Mimi nikipokea ripoti huanza kwa kutazama kama zimeachwa mbalimbali.

Madaftari huzungumza pia kwa tarakimu zao za mwisho. Uzito wa watoto 60 uliopimwa kweli utaishia kwa tarakimu za kila aina: 7.3, 8.1, 6.8, 9.4. Ukikuta ukurasa mzima wa 7.0, 7.5, 8.0, 8.5, mizani haikusomwa vizuri, au haikusomwa kabisa. Vivyo hivyo umri unaorundikana kwenye miezi 12, 24 na 36, na utepe wa kupima mzingo wa mkono ambao kwa mwujiza haujawahi kusoma karibu na mpaka wa utapiamlo. Mtu anayetunga namba hupenda namba za duara. Mwenye jicho hili hahitaji kumshutumu mtu. Huenda kwa yule mhudumu, akaomba wapime pamoja watoto watano. Mara nyingi hugundua mizani mbovu isiyorudi sifuri, na mhudumu aliyekuwa akikisia kwa sababu alishaomba nyingine akachoka kuomba.

Kumtazama mhudumu akifanya kazi ni mtihani wa namna nyingine. Chukua mtoto anayekohoa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hufundishwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, nguo imepandishwa kifua kionekane. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpaka ni 40. Juu ya hesabu hiyo husimama uamuzi wa dawa au rufaa. Mtathmini huketi pembeni na saa yake, akamhesabu mtoto yuleyule kwa dakika ileile, midomo imefungwa. Hatingishi kichwa, hakohoi, haonyeshi kwamba mtoto alisogea na hesabu inapaswa kuanza upya. Kisha huandika namba zote mbili, ya mhudumu na yake. Ukimya huo wa dakika moja ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, hasa kwa muuguzi mzoefu ambaye mkono wake unataka kusaidia. Ipo ruhusa moja tu ya kuuvunja: mtoto akiwa hatarini, tathmini inasimama na tiba inaanza.

Swali la juu kabisa kwenye ngazi, kama watoto wamepona kifo, halijibiwi kwa nyumba 19 wala kwa 210. Nchini Tanzania limejibiwa kwa uvumilivu mkubwa katika bonde la Kilombero. Mwaka 1996 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walianza sensa ya vijiji kadhaa vya wilaya za Kilombero na Ulanga, na baada ya hapo wahojaji wakawa wanarudi kila nyumba kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amehamia, nani ameondoka, nani amefariki. Mwaka 1997 mradi wa kuuza vyandarua kwa bei ya punguzo ukaanza huko, chandarua kikiitwa Zuia Mbu. Kwa kuwa vijiji vilikuwa tayari vinahesabiwa, ilikuwa inawezekana kuuliza kama Zuia Mbu imepunguza makaburi madogo.

Si swali jepesi hata ukiwa na daftari zuri. Anayenunua chandarua mapema huenda ana fedha kidogo zaidi, au amesoma zaidi, au anakaa karibu na zahanati, na mtoto wake angepona hata bila chandarua. Ilibidi mambo hayo yapimwe nayo na kuondolewa kwenye hesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet: vyandarua vyenye dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Pembeni ya namba hiyo waliandika na mipaka yake, kutoka asilimia 3 hadi 45. Mwanasiasa atakumbuka 27. Fundi hutazama 3 na 45, na huwaheshimu walioziacha zionekane, kwani zinasema: tuna hakika kwamba vimesaidia, lakini kiasi gani hasa, bado kuna ukungu. Waliongeza pia kwamba kwa kuwa ni watoto wachache waliokuwa wakilala ndani ya vyandarua hivyo katika wilaya zile mbili kufikia mwaka 1999, vifo vilivyokuwa vimezuiwa wakati huo ni kimoja hivi katika kila 20. Mradi mwingine ungeishia kwenye sentensi ya kwanza.

Na nyuma ya kila kifo kwenye daftari lile kulikuwa na nyumba yenye matanga. Vifo vingi vya vijijini havina cheti cha daktari, kwa hiyo chanzo hutafutwa kwa mahojiano na ndugu. Mhojaji hasubiri mwaka, atasahaulika mengi. Wala haendi wiki ya msiba. Huja baada ya waombolezaji kutawanyika, hutoa pole kwanza, na hukaa kimya panapostahili. Ndugu akisema mtoto alipatwa na degedege, haandiki malaria wala kifafa. Huandika degedege, kisha huuliza mtoto alikuwaje: mwili ulikuwa wa moto? alikakamaa? macho yaligeuka? ilianza siku ya ngapi ya homa, na kabla ya hapo alipelekwa wapi? Madaktari wawili husoma maelezo hayo kila mmoja peke yake, na wakitofautiana huitwa wa tatu. Mhojaji, pengine msichana aliyeishia kidato cha nne, aliyeketi kwenye mkeka akimwachia bibi alie kwanza, ndiye anayeshikilia mnyororo wote huo.

Nayasema haya wakati nchi zetu zimeingia kwenye hesabu kubwa. Septemba 2023 Kenya ilizindua jeshi la wahamasishaji afya ya jamii wapatao laki moja, wakiwa na mikoba ya vifaa na simu za kuingizia taarifa. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wake, nayo ikilenga wahudumu zaidi ya laki moja kwa miaka mitano. Simu zitamwaga takwimu kila siku, ziara ngapi, rufaa ngapi, na zitakuwa tena takwimu za upande wa mtoaji. Zina faida. Ila hakuna simu itakayorudi jioni kwenye nyumba yenye kufuli.

Kazi haijaisha mpaka matokeo yarudi kijijini, na hapo pia ndipo ufundi hupimwa. Bango la karatasi hubandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji au kwenye shina la mti, maduara 19 kwa kila eneo, yaliyopakwa rangi ni watoto waliokamilisha. Eneo moja lina 16, jingine lina 9. Macho yote humgeukia mhudumu wa eneo la 9, naye hutazama viatu vyake. Mtathmini mbovu humwacha hapo. Mzuri huuliza kikao, siyo yeye: kule kuna nini? Ndipo yanapotoka ambayo dodoso halikuwa na safu yake. Mto hujaa Machi na Aprili. Siku ya kliniki ni siku ya gulio, na mama hawezi kuwa sehemu mbili. Muuguzi aliyepita alikuwa akiwasema akina mama wasio na kanga nzuri, na ingawa alishahamishwa, habari zake hazijahamishwa. Mhudumu huinua kichwa.

Wakikubaliana kuhamisha siku ya kliniki, mtathmini huandika kwenye daftari lake makubaliano hayo, jina la aliyeahidi kuyatekeleza na mwezi wa kurudi. Akirudi hatakwenda kwenye zile nyumba 19 za mwanzo, kwa kuwa sasa kila mtu kijijini anazijua na mhudumu amekwishazipitia mara mbili. Ataomba tena daftari la kaya, na atachota nyingine.